Kurasa Arobaini na Nane za Mbeba Moto

Benchi lenyewe lilitoka kwenye chumba cha kusubiri cha kiwanda cha chapa kilichofungwa, na mpaka leo lina namba ya mali ya ofisi iliyopakwa kwa rangi nyeupe chini ya kiti. Limeegemezwa kwenye ukuta wa duka la Gundi, fundi wa kujalidi vitabu, pale barabara inapokata kona, na kila siku baada ya saa nane mchana hukaliwa na watu wale wale. Kushoto ni Waya, fundi wa redio na simu, mwenye jiko la umeme na birika la kahawa, kwa hiyo hakuna anayethubutu kumnyima nafasi. Katikati ni Bi Vipimo, mshonaji, utepe wa kupimia shingoni hata siku asizoshona. Pembeni yake ni Mzee Nukta, aliyesahihisha magazeti kwa miaka thelathini na moja na ambaye hawezi kusoma karatasi iliyofungia vitunguu bila kutoa kalamu mfukoni. Gundi mwenyewe hukalia kigoda mlangoni, mguu mmoja dukani, mmoja nje. Yeye husema ameitwa Gundi kwa sababu ya vidole vyake. Wenzake husema ni kwa sababu ya mdomo.

Jumamosi hiyo Gundi alikuwa amebakiwa na saa mbili, na kurasa arobaini na nane pungufu. Binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa anafika saa kumi, na kitabu kilikuwa cha binti.

Ilianza miezi kumi na minne nyuma, binti alipopata kazi kwenye maktaba ya mji mwingine. Asubuhi ya kuondoka alimuuliza baba yake, "Baba, unataka niende au nibaki?" Aliuliza mara tatu. Gundi alikuwa anashona kamusi ya mtu, na aliendelea kuishona. Binti akachukua begi lake. Tangu siku ile walikuwa wakipigiana simu kila mwisho wa mwezi, wanazungumza kuhusu mvua, kisha wanaagana. Kwenye rafu aliacha vitabu viwili vya kwanza vya hadithi yenye vitabu vitatu, hadithi ambayo Gundi alizoea kuiita ya mazimwi. Upweke ulipomzidi akafungua cha kwanza. Alikimaliza kwa siku nne, akakipeleka benchini, na benchi zima likanasa.

Kwa asiyeijua hadithi yenyewe: kuna jiji lenye ukuta, na ndani yake hakuna anayeruhusiwa kuwasha moto. Moto ni mali ya Mnara. Kila jioni wabeba moto hupita nyumba kwa nyumba na vyungu vyao wakigawa makaa ya kupikia, na watu huyapokea kwa shukrani, bila kujua kwamba makaa yale yanasikia. Kila linalosemwa mbele ya jiko hurudi Mnarani asubuhi pamoja na majivu. Msichana anayeitwa Mbeba Moto, ambaye baba yake naye ni mbeba moto, anaigundua siri hiyo. Anamuuliza baba yake kama alijua. Baba hasemi neno. Msichana anaruka ukuta na kutoroka, ameikasirikia dunia nzima. Hicho ni kitabu cha kwanza. Cha pili ndicho kilichowafanya watu wazima wanne wasahau kazi zao.

Kwa sababu cha pili hakuna aliyekubali kukisubiri kwa zamu. Hapo Gundi akafanya jambo ambalo fundi hapaswi kulifanya kwa kitabu cha mtu bila kumwomba. Alitoa jalada, akakata uzi, akaachanisha mikunjo, yaani zile karatasi zinazokunjwa pamoja na kushonwa katikati. Aliihesabu kwa kidole gumba, kama anavyohesabu siku zote, bila kutazama namba za kurasa, akatoa mafungu manne ya watu wanne, ya kubadilishana kila Jumamosi. Aliona kwamba kitabu kilikuwa kimeshashonwa upya kwa mkono, na fundo la mwisho lilikuwa lake mwenyewe, lile la kuzungusha mara mbili na kuficha mkia ndani ya mkunjo. Akajiambia, kumbe nilishawahi kumtengenezea mtoto kitabu hiki, nimesahau. Akaendelea kukata.

Wiki tatu baadaye, aliposhika fungu la tatu baada ya kumaliza la pili, aligundua pengo. Fungu la pili liliishia ukurasa wa mia na sitini, katikati ya sentensi. Mbeba Moto yuko kinamasini nje ya jiji, baridi imemshika, analaani kila aliyewahi kumjua. Akausukuma mlango wa kibanda, na ndani ya kibanda kulikuwa na. Basi. Fungu la tatu lilianza ukurasa wa mia mbili na tisa, na msichana alikuwa anaingia jijini kwa miguu yake, taratibu, mtu mwingine kabisa.

Gundi alipekua duka zima. Alipekua chini ya mashine ya kukatia karatasi, na ndani ya gunia la vipande. Mwisho akaamua kwamba kurasa zile lazima ziko kwa mmoja wa wale watatu, zimechanganyika na mambo yake. Lakini kuuliza ilikuwa shida. Kwanza, fundi gani anapoteza kurasa za kitabu cha mwanawe. Pili, benchi lilikuwa na sheria, iliyotungwa siku Waya alipobishia kwa wiki nzima sura ambayo hakuisoma: aliyeruka kurasa hana mdomo. Gundi akaamua kufanya anachokijua, kunyamaza na kusikiliza. Atakayetaja kilichokuwa ndani ya kibanda ndiye mwenye kurasa zake.

Sasa mafungu yote manne yalikuwa mapajani mwake, sindano tayari, na kibanda hakijatajwa.

— Mimi yule msichana wa kitabu cha kwanza ningemzaba kofi, Waya alianza huku akimimina kahawa.

— Kwa lipi? aliuliza Bi Vipimo.

— Kwa kiburi, dada. Jirani ana makosa, walinzi wana makosa, baba yake ndiyo usiseme. Yeye tu ndiye msafi. Halafu kule mwisho wa kitabu cha pili, mtu huyo huyo nikikutana naye njiani, nasimama nampisha.

— Kila mtu anampisha, alisema Mzee Nukta. Hapo huyu mwandishi ametufunga. Hajatuambia popote kwamba msichana amekua. Nimetafuta sentensi hiyo na kalamu mkononi. Haipo.

— Sasa umejuaje kwamba amekua?

— Nimehesabu. Kitabu cha kwanza, maneno yanayotoka mdomoni mwake yana alama za kuuliza tisa. Tisa, kitabu kizima. Fungu la mwisho la kitabu cha pili peke yake, sabini na moja.

— Mzee una muda wewe.

— Nina pensheni, kijana. Ni karibu kitu kimoja.

Gundi aliangalia saa ya ukutani ndani ya duka. Saa nane na nusu. Alipitisha uzi kwenye nta.

— Mimi nilimjua kwa mikono, alisema Bi Vipimo. Kitabu cha kwanza anabeba chungu cha moto kwa mkono mmoja, mwingine umeshika kiuno, kama anayewafadhili watu. Akirudi jijini, mikono miwili. Ukurasa wa mia mbili na kumi na nne. Nikasema, haya, huyu sasa anajua amebeba nini.

— Mimi ni pale kwa jirani, alisema Waya, na sauti yake ilishuka. Yule mama aliyemchongea kwa Mnara. Nilikuwa nasubiri amwashie moto mkiani. Anaingia, anakaa, anamuuliza: watoto wamekula? Basi. Watoto wamekula. Nilikuwa na simu ya mteja mkononi, niliiweka chini nikaenda kusimama nje.

— Ulilia, alisema Bi Vipimo.

— Nilisimama nje.

— Kope zilikuwa nyekundu. Nilikuona kutoka dirishani kwangu.

— Moshi wa kulehemu, dada. Tuache hayo.

Walicheka, wakanywa. Gundi naye alitabasamu, lakini alikuwa anasubiri. Alijua mazungumzo yataelekea wapi, kwa sababu yalielekea huko kila Jumamosi: kwa baba. Msichana anarudi nyumbani, anamkuta baba yake mzee mbele ya jiko, na hamuulizi tena. Lile swali alilolirukia ukuta, haliulizi. Anakaa chini akitazamana naye, anatandaza majivu sakafuni, anaandika kwa kidole. Baba anajibu kwa kidole. Kurasa kumi na moja bila neno lolote kusemwa kwa sauti.

— Sura ile, alisema Mzee Nukta, ningepewa niisahihishe ningerudisha karatasi nyeupe. Hakuna pa kugusa.

— Lakini swali liko pale pale, alisema Waya. Hasira ilikwenda wapi? Ameondoka anatoa cheche, amerudi ametulia kama maji ya mtungini. Kitu gani kilimbadilisha?

Mkono wa Gundi ulisimama hewani na sindano yake.

— Kwani kuna asiyejua kilichotokea kule kinamasini? alisema Mzee Nukta, akiitazama kahawa yake.

— Kila mtu anajua, Bi Vipimo aliafiki haraka.

— Hakuna haja hata ya kurudia, alisema Waya.

Gari la maji likapiga honi kwenye kona. Gundi aliwatazama mmoja mmoja, na wote watatu walikuwa wamevutiwa sana na honi ile.

— Ila maana yake ndiyo tunatofautiana, Waya aliendelea, akijikaza. Mimi nasema ni umeme. Sikilizeni kabla hamjacheka. Kinamasi, mvua, radi. Redio ikikorofisha unafanya nini? Unaizima, unaichomoa, unaihesabia mpaka kumi, unaiwasha. Yule msichana alichomolewa.

— Kwa radi.

— Radi ndiyo umeme wa bure, mzee. Imempiga kidogo, ikamtoa vumbi la ndani. Ndiyo maana anarudi anaongea polepole. Vitu vikiwashwa upya huchelewa kidogo.

— Wewe unadhani binadamu ni redio, alisema Bi Vipimo.

— Binadamu ni redio mbovu. Redio nzuri angalau ina kitufe.

— Basi mimi nakwambia si yeye aliyerudi. Aliyerudi ni mwingine.

— Mwingine nani?

— Pacha wake. Tulia, nina ushahidi. Sura ya tatu mwandishi anasema koti lake lilimfika kwenye kiwiko cha mkono, alishalizidi, alikuwa anasikia baridi. Ukurasa wa mia mbili na kumi na tano, mikono ya koti inamfunika vidole. Nimeshona miaka ishirini na sita. Kitambaa kinarudi kikilowa, hakirefuki. Na mtu hapungui mikono. Koti moja, watu wawili.

— Hapo ana hoja, alisema Waya, ametekwa kidogo.

— Hana, alisema Mzee Nukta. Mnaangalia koti, angalieni sentensi. Mpaka mia na sitini, sentensi zake ni fupi, kali, kama mtu anayefunga milango. Kuanzia mia mbili na tisa ni ndefu, zina pumzi, zina viunganishi. Zile si sentensi za mtu mmoja. Mwandishi alibadilika. Naamini aliugua, na mama yake akamalizia.

— Mama yake?

— Nani mwingine angeuliza kama watoto wamekula?

Hata Gundi alicheka, na kucheka kule kukamuuma, kwa sababu saa ilikuwa imeshagonga tisa na walichokisema wote hakikuwa na kibanda. Mia na sitini. Mia mbili na tisa. Walijua kingo zote mbili za shimo na hakuna aliyesema ndani yake mna nini. Alianza kuhisi kitu kibaya zaidi ya kupoteza kurasa, akakisukuma pembeni.

— Ngojeni, alisema Waya, nimepata nyingine. Alimeza kaa la moto.

— Haya sasa.

— Kaa la Mnara. Lile linalosikia. Alikuwa na njaa, akalimeza. Sasa linamsikiliza kutoka tumboni. Mtu ambaye tumbo lake linamsikiliza, mzee, hata wewe ungekuwa na adabu.

— Tumbo langu linasema, halisikilizi, alijibu Mzee Nukta. Na mkitaka ukweli wenyewe, ule ambao sikutaka kuwatisha nao, ni huu. Msichana alikufa kinamasini.

Bi Vipimo aliweka kikombe chini.

— Alikufa ukurasa wa mia na sitini. Aliyeingia mjini ni moshi wake. Ndiyo maana walinzi wa lango hawamzuii. Ndiyo maana koti linamzidi. Ndiyo maana hana hasira, maana moshi hauna hasira, moshi unapanda tu.

— Moshi unabebaje chungu kwa mikono miwili?

— Kwa shida. Ndiyo maana ni miwili.

Waya alipiga paja lake. Bi Vipimo alisema kwamba yeye na moshi hawawezi kukubaliana, kwa kuwa moshi haupimiki. Kisha wote wakamgeukia mtu wa mlangoni, kama walivyofanya kila walipoishiwa.

— Na wewe kaka, alisema Bi Vipimo. Wiki tatu hujatoa neno. Wewe unaonaje?

Gundi alitazama uzi. Angeweza kusema hapo hapo: kurasa zangu zimepotea. Maneno yalikuwa tayari, amebakiza kufungua mdomo. Badala yake ikatoka nyingine, ambayo hata yeye hakujua anayo.

— Nadhani baba yake alimfuata.

Hakuna aliyecheka.

— Kule kinamasini? Waya aliuliza kwa upole. Mzee ana mguu mmoja mbovu. Kuruka ukuta hawezi.

— Najua.

— Na tangu kitabu cha kwanza hajatoka nyumbani. Imeandikwa.

— Najua imeandikwa, alisema Gundi. Nimesema nadhani.

Akainama, akaunganisha fungu la kwanza na la pili. Vidole vilikuwa vinafanya kazi yenyewe. Alipofika mwisho wa la pili alisimama, kwa sababu kuunganisha mia na sitini na mia mbili na tisa ni kumshonea mtoto wake kitabu cha uongo, kizuri kwa nje, na yeye alikuwa hajawahi kufanya hivyo hata kwa mgeni.

— Shikamooni.

Binti alitokea upande wa kona, begi moja begani, amewahi kwa nusu saa. Amekonda kidogo. Amesuka nywele kwa namna ambayo Gundi hakuijua.

— Marahaba, mama, walijibu wazee pamoja. Waya, ambaye hakuwa na umri wa kuamkiwa, alijibu vilevile, na kwa sauti zaidi.

Gundi alisimama, mafungu yakamponyoka mapajani yakatawanyika sakafuni. Binti alitazama chini. Alilitambua jalada lililo wazi kando ya kigoda.

— Nimekikata, alisema Gundi. Nilitaka kukushonea kabla hujafika.

— Umekikata wewe?

— Tugawane. Tukisome sote.

Binti aliwatazama watu wa benchini, mmoja mmoja, na uso wake ukafanya kitu ambacho Gundi alikuwa amekisahau: ulifunguka.

— Mmekisoma wote? Wewe pia, baba? Cha mazimwi?

— Baba yako amekisoma mara mbili, alisema Bi Vipimo. Kaa hapa, mwanangu. Mpe kahawa, Waya. Tulikuwa hapo hapo tunamzungumza Mbeba Moto, jinsi alivyobadilika. Kitabu cha kwanza kilikuwa kizuri, lakini hiki cha katikati ndicho chenye mtu ndani yake.

— Ndicho ninachokipenda kuliko vyote vitatu, alisema binti. Alikaa ukingoni mwa benchi, kikombe kati ya viganja, anang'aa. Ehe, niambieni. Mlipofungua kile kibanda, mlipoona kilichokuwa ndani, mlihisi vipi?

Waya alilitazama birika. Bi Vipimo alianza kuukunja utepe wake, taratibu, kama anayeufungasha safari. Mzee Nukta alivua miwani akaifuta, akaitazama, akaifuta tena.

— Kibanda, alisema hatimaye.

— Kile cha kinamasini. Kulikuwa na nini ndani?

Pikipiki ilipita. Ikapita nyingine.

— Mimi, alisema Mzee Nukta, na kwa mtu wa miaka thelathini na moja ya kusahihisha ilionekana kumng'oa jino, mimi lile fungu sikuliona. Nilidhani lilipita kwenu wiki niliyokwenda kupima macho.

— Wewe pia? alisema Bi Vipimo. Mimi nilidhani ni ile wiki ya sare za shule, nilipokosa kuja siku mbili. Nikasema nikiuliza nitanyimwa mdomo.

— Waya?

— Mimi nilidhani nimelikalia mahali. Nimetoa hata viti vya dukani.

— Kwa hiyo radi, alisema Bi Vipimo.

— Kwa hiyo pacha, alijibu Waya.

— Kwa hiyo mama wa mwandishi, alisema Mzee Nukta, akavaa miwani yake. Kwa sheria yetu wenyewe, leo benchi zima halina mdomo.

Gundi alikuwa bado amesimama. Basi hazikuwa kwa yeyote. Kile kitu kibaya alichokisukuma pembeni kilirudi kikakaa mbele yake.

— Nimezipoteza, mwanangu, alisema. Kurasa arobaini na nane. Nimetafuta wiki tatu. Nilikata bila kuhesabu namba.

Binti aliweka kikombe chini. Alifungua begi, akaingiza mkono chini kabisa, akatoa mikunjo mitatu iliyoshonwa pamoja kwa uzi mweupe, bila jalada, pembe zake zimelainika kwa kushikwa. Gundi aliipokea. Kabla hajaona namba ya ukurasa aliona fundo. Limezungushwa mara mbili, mkia umefichwa ndani ya mkunjo. Alikuwa amemfundisha akiwa na miaka tisa, juu ya kigoda hiki hiki, na alikuwa amesahau kwamba dunia ina watu wawili wanaofunga fundo lile.

— Ulitoa wewe, alisema.

— Usiku wa kuamkia safari. Nikashona palipobaki usione pengo. Sehemu hii ndiyo niliyoihitaji.

— Ungechukua kitabu kizima.

— Nilitaka kingine chote kibaki kwako. Nilijiambia, siku moja atakisoma. Atafika mia na sitini, sentensi itamkatikia, atanipigia simu kuniuliza kulikuwa na nini ndani.

Gundi aligeuza ile mikunjo mikononi mwake.

— Nilifika, alisema.

— Lini?

— Wiki tatu zilizopita.

Wale watatu wa benchini walitazama barabara kwa bidii sana.

— Soma basi, alisema binti. Kwa sauti. Wenzako nao hawajasikia.

Gundi hakuwa mtu wa kusoma kwa sauti. Alikaa, akakohoa, akasogeza karatasi mbali na macho, akaanza pale sentensi ilipokatikia.

"jiko baridi, na juu ya msumari koti la baba yake. Alilijua kwa kiraka cha begani. Ndani ya mfuko wa kulia kulikuwa na jiwe la kuwashia na nyuzi kavu zilizofungwa kwenye ngozi, na vumbi juu yake lilikuwa la miaka. Baba alikuja hapa kabla ya mguu kuumia, aliwaza. Alikuja hapa mimi nikiwa mtoto, akaniandalia siku ambayo hakutaka ifike, akarudi nyumbani, akakaa mbele ya moto unaosikia, na akafunga mdomo wake ili nisijulikane."

— Koti, alisema Bi Vipimo kwa sauti ya chini. La baba yake. Ndiyo maana linamfunika vidole.

— Kaka alisema, alinong'ona Waya. Alisema baba alimfuata.

— Hakumfuata, alisema Mzee Nukta. Alimtangulia.

Gundi alisoma ukurasa uliofuata, na uliofuata. Hakukuwa na radi wala pacha. Msichana alikaa kibandani msimu mzima wa baridi akijifunza kuwasha moto wake mwenyewe, akashindwa, akashindwa tena, na kila aliposhindwa alikumbuka jambo moja ambalo baba yake alilifanya bila kulisema. Mwandishi hakuwa na haraka. Aliposhika cheche yake ya kwanza, msichana hakushangilia. Aliuliza, ingawa hakukuwa na mtu: umechoka, baba? Ilikuwa alama ya kuuliza ya kumi katika maisha yake, na Mzee Nukta aliinua kidole kuionyesha, kisha akakishusha.

Hapo Gundi alifunga mikunjo juu ya kidole chake.

— Endelea, baba.

— Huyu mzee alikuwa na sababu, alisema Gundi. Alikuwa na moto unaosikiliza. Mimi nilikuwa na kamusi ya mtu. Sikukuandalia koti popote. Nilinyamaza tu.

— Najua.

— Usinifananishe naye.

— Sikufananishi. Yeye yumo kitabuni, haulizwi. Binti alijisogeza mpaka mwisho wa benchi, karibu na kigoda. Wewe nakuuliza. Siku ile ulitaka kusema nini?

Waya alinyanyua birika, akalitikisa, halikuwa na kitu. Siku nyingine yoyote hiyo ndiyo ingekuwa ishara ya kila mtu kujikung'uta na kurudi kazini. Alilirudisha chini bila kelele, na hakuna aliyeinuka.

Gundi alitazama vidole vyake, gundi iliyokauka kwenye kucha, nta, fundo.

— Nilitaka kusema ubaki, alisema. Halafu nikaona nikisema, utabaki.

Binti akaokota fungu la tatu sakafuni, akalipanga kingo, akaliweka chini ya ile mikunjo mitatu mapajani mwa baba yake, mia na sitini na moja juu, mia mbili na tisa chini. Akashika ncha ya uzi akaivuta ikakaza, kama alivyokuwa akiishika zamani, ili fundi apate mikono yake yote miwili.